Uhamishaji wa Data kati ya Kumbukumbu ya Kerneli na ya Mtumiaji katika Viendeshi vya Vifaa: Mizani ya Kasi na Usalama

Ikisiri

Makala haya yanafafanua njia tatu ambazo viendeshi vya vifaa katika mfumo endeshi wa Linux hutumia kuhamisha data kati ya kerneli na programu tumizi: kunakili, kushiriki kurasa za kumbukumbu, na kushikiza kurasa za mtumiaji. Hoja kuu ni kwamba ufanisi hautokani na kuondoa nakala kila mahali, bali na kuchagua njia inayolingana na ukubwa wa data na ulinzi unaohitajika.

1.0 Utangulizi

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi yenye mamlaka juu ya kumbukumbu yote na vifaa vyote. Programu tumizi huishi katika eneo lake yenyewe, na kichakataji huizuia isivuke mpaka huo. Kiendeshi, kwa kuwa hufanya kazi ndani ya kerneli, husimama mpakani: hupokea data kutoka kwenye kifaa na kuifikisha kwa programu iliyoiomba. Jinsi inavyofikishwa huathiri kasi ya kompyuta nzima, na kosa dogo hapo laweza kuufungua mlango wa mfumo wote.

2.0 Kunakili

Kiendeshi hakipaswi kuiamini anwani iliyotolewa na programu. Anwani hiyo yaweza kuwa batili, yaweza kuelekeza kwenye ukurasa ambao haumo katika kumbukumbu kwa wakati huo, au yaweza kuelekezwa kwa makusudi ndani ya kerneli. Kwa sababu hiyo Linux ina taratibu za copy_to_user na copy_from_user. Taratibu hizo hukagua kwanza kwamba anwani imo katika eneo la mtumiaji, kisha hunakili, na mwishowe hurejesha idadi ya baiti zilizoshindwa kunakiliwa. Jibu lisilo sifuri humaanisha kwamba kazi haikukamilika, na kwa desturi kiendeshi huirudishia programu kosa la EFAULT. Kwa kuwa kunakili kwaweza kulazimu kusubiri ukurasa uletwe kutoka diskini, taratibu hizi hazitumiki kwa kawaida ndani ya kishughulikia ukatizaji, mahali ambapo kusubiri hakuruhusiwi.

Kwa data ndogo, kama vile amri au kipimo cha joto, njia hii ndiyo bora. Kunakili baiti chache ni rahisi kuliko kubadili majedwali ya kurasa na kufuta tafsiri za anwani zilizohifadhiwa katika kichakataji.

3.0 Kushiriki na kushikiza kurasa

Hali hubadilika data inapokuwa kubwa. Kamera yenye picha za pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 2, hutoa baiti 4,147,200 kwa kila picha. Kwa picha 30 kwa sekunde, hizo ni takriban megabaiti 124 kila sekunde, na kila nakala ya ziada huzisoma na kuziandika upya zote. Ndiyo maana mfumo wa video wa Linux, V4L2, huiwezesha programu kuziona bafa za kiendeshi moja kwa moja kwa mmap. Bafa hutengwa mara moja, kisha hubadilishana zamu kati ya kifaa na programu bila data kunakiliwa kati ya pande hizo mbili.

Njia ya tatu ni kinyume chake: programu hutoa bafa yake, kerneli huzishikiza kurasa zake zisihamishwe, na kifaa huandika humo chenyewe bila kumpitia kichakataji. Hata hivyo, kurasa zilizoshikizwa haziwezi kutumika kwa kazi nyingine hadi ziachiliwe. Kwa hiyo pasipo kikomo, programu moja yaweza kuzinyima nyingine kumbukumbu.

4.0 Gharama ya usalama

Mnamo Desemba 2012 ilibainika kwamba simu kadhaa zenye vichakataji vya Exynos, zikiwamo Samsung Galaxy S II na Galaxy Note II, zilikuwa na faili ya kifaa /dev/exynos-mem iliyokuwa wazi kusomwa na kuandikwa na kila programu. Kupitia faili hiyo, programu ya kawaida iliweza kuifikia kumbukumbu halisi ya simu na kujitwalia mamlaka ya juu kabisa. Hapa mmap yenyewe haikuwa na kasoro. Kilichokosekana ni mpaka wa eneo linaloshirikiwa na ruhusa ya anayeshiriki.

Hatari nyingine ni ya wakati. Kiendeshi kikikagua thamani iliyo katika ukurasa wa pamoja kisha kikaisoma tena, programu yaweza kuibadilisha katikati ya hatua hizo mbili. Dawa yake ni kunakili vichwa vya maelekezo mara moja ndani ya kerneli, kuvikagua, na kuitumia nakala hiyo pekee. Hivyo hata mfumo unaojivunia kutonakili huhitaji nakala ndogo palipo na uamuzi.

5.0 Hitimisho

Data ndogo na maelekezo yanakiliwe. Mikondo mikubwa ishirikiwe kwa bafa zenye mipaka. Kurasa za mtumiaji zishikizwe kwa kikomo kinachojulikana. Kwa washauri wa sera, kasi inayotangazwa na muuzaji wa kifaa haitoshi kuwa kigezo cha ununuzi. Inafaa pia kuulizwa ni programu zipi zenye ruhusa ya kukifungua kifaa, kumbukumbu ipi inashirikiwa, na nani atakayekirekebisha kiendeshi kasoro ikigunduliwa.