Homa ya Mtoto: Twende Zahanati au Dukani?

Ni alfajiri katika kijiji kimoja cha pwani ya Kilwa. Mama mmoja amekesha na mtoto wake wa miaka 3. Mtoto ana homa. Mwili unawaka moto.

Jirani anakuja kumpa pole. Anamwambia, "Mwenzangu, zahanati utashinda kutwa nzima. Nenda duka la dawa. Mara moja tu, umesharudi nyumbani."

Bibi wa mtoto anakataa. "Mwanangu, dukani wanataka pesa, nawe pesa huna. Ufuta bado uko shambani. Mpeleke mtoto zahanati."

Huu ni mfano tu. Lakini maneno haya husemwa katika nyumba nyingi za Kilwa na Lindi. Jirani amesema kweli: zahanati kuna foleni. Bibi naye amesema kweli: dukani kuna kulipa. Je, mama afuate shauri la nani?

TULIKOTOKA

Zamani swali hili halikuwapo katika vijiji vingi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ilijenga zahanati nyingi vijijini. Matibabu katika zahanati hizo yalikuwa bila malipo. Mwaka 1977 sheria ilikataza watu binafsi kuendesha hospitali kwa ajili ya faida. Hospitali za misheni ziliendelea na kazi.

Miaka ya 1980 uchumi wa nchi ulikuwa mgumu. Dawa zilikuwa haba. Mwaka 1991 watu binafsi waliruhusiwa tena kufungua hospitali. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Tangu hapo mgonjwa ana milango mitatu mbele yake.

MILANGO MITATU

Mlango wa kwanza ni wa serikali. Huanzia zahanati ya kijiji, kisha kituo cha afya. Baada ya hapo ni hospitali ya wilaya. Kwa watu wa Kilwa, hiyo ni Kinyonga, iliyoko Kilwa Kivinje. Ugonjwa ukizidi, mgonjwa hupelekwa Hospitali ya Sokoine, Lindi mjini.

Mlango wa pili ni wa mashirika ya dini. Watu wa milima ya Matumbi wana hospitali ya misheni ya Kipatimu. Walio katika barabara ya Lindi kwenda Masasi wana hospitali ya Nyangao. Huko mgonjwa hulipa, lakini hospitali hizi hazikujengwa kwa ajili ya faida.

Mlango wa tatu ni wa watu binafsi. Hapa kuna zahanati za binafsi na maduka ya dawa. Nyingi ziko mijini na kwenye vituo vya biashara. Huko foleni mara nyingi ni fupi, lakini kila huduma ina bei yake.

KWA NINI TUNANGOJA?

Katika zahanati nyingi wahudumu ni wachache na wagonjwa ni wengi. Wagonjwa hao karibu wote hufika asubuhi. Mhudumu yuleyule hupima, hutoa dawa, huandika kitabu na huzalisha. Akija mama mwenye uchungu wa kuzaa, foleni yote husimama. Hapo si kwamba mhudumu ni mvivu. Kazi imezidi mikono.

Lakini yako magonjwa yasiyongoja foleni. Mtoto akiwa na dalili hizi, usikae kwenye benchi. Ingia, umwambie mhudumu mara moja:

- Ana degedege.
- Anatapika kila anachopewa.
- Hawezi kunyonya wala kunywa.
- Amelegea sana au amepoteza fahamu.
- Anapumua kwa shida.

Kumpisha mtoto wa namna hii si upendeleo. Ninyi mlio kwenye foleni, mpisheni. Kesho mtoto huyo anaweza kuwa wako.

TUFANYE HESABU

Watu wengi huhesabu pesa wanazotoa dirishani tu. Hiyo si hesabu kamili. Hesabu nauli pia. Hesabu chakula cha njiani. Hesabu kazi iliyolala. Tena hesabu siku ambazo ugonjwa umepata nafasi ya kukua.

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kujifunzia. Wewe weka namba za kwako.

Mama anakwenda dukani. Mtoto hapimwi. Ananunua dawa ya kushusha homa, shilingi 2,000. Homa inashuka, kisha inarudi usiku. Siku ya pili ananunua dawa nyingine, shilingi 4,000. Siku ya tatu mtoto anapata degedege. Mama anakodi pikipiki mpaka hospitali, shilingi 30,000. Mtoto analazwa siku 3. Chakula cha mama ni shilingi 15,000. Jumla ni shilingi 51,000.

Sasa mama anakwenda zahanati siku ya kwanza. Anashinda huko kutwa. Kazi iliyolala tuipe shilingi 5,000. Dawa moja imekwisha zahanati, anainunua dukani kwa shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 8,000.

Dukani alipata dawa upesi, lakini dawa ya upesi haikuwa tiba. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pwani yetu ina malaria. Kipimo cha malaria huchukua tone la damu kidoleni. Jibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Akikutwa na malaria ya kawaida, mtoto hupewa dawa ya mseto kwa siku 3. Mmalizishie dawa zote, hata kama ameanza kucheza.

Hatusemi kwamba mlango wa kulipa ni mbaya. Zahanati ikiwa imefungwa usiku, au dawa zimekwisha, mlango ulio karibu ndio wa kukimbilia. Mtu wa Matumbi aliye karibu na Kipatimu hana sababu ya kusafiri mpaka Kivinje na mgonjwa mahututi. Mtu wa kisiwa cha Songo Songo lazima avuke bahari kufika hospitali ya wilaya. Mwezi Mei 2024 mvua kubwa na Kimbunga Hidaya vilikata barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi eneo la Somanga. Hospitali usiyoweza kuifikia haikusaidii, hata ikiwa ya bure.

Lakini kumbuka: duka la dawa si hospitali. Muuza dawa haruhusiwi kulaza mgonjwa wala kumchoma sindano.

IJUE HAKI YAKO

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataja watu wanaotibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Ni wajawazito, watoto wa chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mtoto wa mama yetu ana miaka 3. Kwa hiyo yumo.

Ukidaiwa pesa, uliza kwa upole: "Naomba kujua, hii ni ya nini?" Ukilipa, dai risiti. Malipo yasiyo na risiti yatie shaka. Dawa zikikosekana mara kwa mara, lisemeni jambo hilo katika mkutano wa kijiji.

FEDHA ZA UFUTA

Malaria huzidi wakati wa mvua za masika. Wakati huo mfuko ni mtupu. Fedha za ufuta huja baadaye, na za korosho mwisho wa mwaka. Ugonjwa haungoji mavuno.

Dawa ya jambo hili ni kulipa kabla ya kuugua. Ndiyo maana ya bima ya afya. Mwaka 2018 mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa ulianza vijijini kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka. Yaani shilingi 5,000 kwa kila mtu. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Viwango na utaratibu hubadilika, kwa hiyo muulize mtendaji wa kijiji chako utaratibu wa sasa. Muulize wakati wa kuuza ufuta, pesa zikiwa mkononi.

Na yule mama afanyeje? Ambebe mtoto, aende zahanati sasa hivi, kabla jua halijapanda. Anayefika mapema hungoja muda mfupi. Jirani naye amsaidie: amwangalie nyumba na watoto waliobaki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutoka kwenu mpaka zahanati ni mwendo wa saa ngapi? Na mpaka hospitali?
2. Nani katika nyumba yenu anatibiwa bila malipo?
3. Mgonjwa akizidiwa usiku, kijiji chenu kina chombo gani cha kumsafirisha?