Gari la Turbo Lililotumika: Kagua Krenki Kabla ya Kulipa

Gari la turbo linaweza kuwa na rangi inayong'aa, viti visivyo na doa na matairi mapya, na bado injini yake iwe imebakisha safari moja tu ya Marsabit. Kasoro yenye gharama kubwa zaidi haionekani kwa nje. Imo chini ya injini, kwenye krenki, yaani chuma kizito kinachopokea nguvu za pistoni na kuzigeuza kuwa mzunguko unaoendesha magurudumu. Beringi za krenki zikiisha, injini hugonga na mafundi husema gari limenoki. Kwa mkaazi aliyeuza mifugo au kuchukua mkopo wa sacco ili apate gari la kazi, mlio huo unaweza kumaliza mtaji wote.

Krenki ikiwa nzima haigusani na beringi zake. Kati yao huwa na nafasi ndogo sana, kwa kawaida sehemu 3 hadi 6 za mia za milimita, ambayo hujazwa oili inayosukumwa na pampu. Oili ikipungua, ikichafuka au ikikosa presha, chuma husaga chuma. Nafasi inapopanuka, oili nayo hupita hapo upesi, presha inashuka zaidi, na uchakavu unaongezeka kasi.

Turbo huongeza nguvu ya kila pistoni, na kwa hivyo huongeza mzigo kwenye krenki. Pia hutegemea oili ile ile, huku shafti yake ikizunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Ndiyo maana viwili hivi mara nyingi huugua pamoja. Turbo ikivunjika, chembe za chuma huingia kwenye oili. Beringi za krenki zikichakaa, presha ya oili inayofika kwenye turbo hupungua. Muuzaji anaposema turbo ni mpya, aulizwe ya kwanza iliharibiwa na nini, na kama sampu ilifunguliwa ikasafishwa kabla ya kufungwa nyingine.

Hapa Isiolo kuna jambo jingine. Land Cruiser nyingi zinazofanya kazi kaskazini zina injini ya dizeli ya 1HZ ambayo haikutoka kiwandani na turbo, na madereva wamezoea kuzima injini mara tu wanapofika. Gari la turbo lililotoka Moyale, karibu kilomita 500 kwa lami na jua kali, likizimwa papo hapo kwenye kituo cha mafuta, oili iliyobaki ndani ya turbo huungua na kuacha masizi yanayoweza kuziba njia zake. Linahitaji kuachwa lingurume dakika moja au mbili kwanza. Ni vigumu kujua mwenye gari wa awali alikuwa na tabia gani, lakini kumuuliza hakugharimu chochote, na jibu lake husema mengi.

Umri nao uzingatiwe. Gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Hivyo gari linalouzwa tena baada ya kutumika Nairobi au Meru miaka kadhaa huenda limepita miaka 10 au zaidi.

Ukaguzi wenyewe huanza kabla injini haijawashwa. Mnunuzi afike asubuhi na aguse boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha, na inafaa kurudi siku nyingine. Injini baridi ndiyo husema ukweli wa sekunde za kwanza, kabla oili haijafika kila mahali. Mgongo mzito unaosikika mara tu injini inapowaka na ukachelewa kunyamaza ni dalili mbaya.

Kisha gari liendeshwe dakika 20 na lisikilizwe tena, kwa sababu oili ikipata moto huwa nyepesi na beringi zilizolegea hupoteza kinga yake. Fundi apandishe injini taratibu hadi mizunguko 2,500 hivi kwa dakika, halafu aachie mafuta ghafla. Beringi za konrodi zilizoisha hugonga kwa haraka, hasa wakati huo wa kuachia. Zile kubwa zinazoshika krenki yenyewe hutoa sauti nzito zaidi, gari linapobeba mzigo au kupanda mlima. Dizeli ina kelele zake za kawaida, kwa hivyo ni vyema kusikiliza gari jingine lenye injini kama hiyo ili kulinganisha. Fundi yeyote asilegeze mabomba ya injekta za dizeli za kisasa ili kutafuta silinda inayogonga. Presha ndani yake inaweza kupenya ngozi ya mtu.

Sikio peke yake halitoshi, maana oili nzito ikimwagwa ndani usiku uliotangulia inaweza kuficha mlio. Geji ya presha ya oili haifichwi kwa urahisi hivyo. Fundi huifunga mahali pa swichi ya taa ya oili na kusoma injini ikiwa moto. Mafundi wengi hukadiria psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, ingawa kipimo sahihi ni kile cha kitabu cha gari husika.

Kwa gari la gia za mkono, injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage klachi huku mwingine akitazama puli ya mbele ya krenki. Puli ikisogea mbele na nyuma kiasi cha kuonekana kwa macho, beringi ya kuzuia krenki isisogee imeisha.

Ushahidi mzito zaidi umo kwenye filta ya oili. Muuzaji akikubali, filta ikatwe, karatasi yake ikunjuliwe juani. Vumbi kidogo la chuma si ajabu kwa injini ya umri huo. Chembe za rangi ya shaba ni habari nyingine: beringi zimelika hadi tabaka la ndani. Sumaku haitazivuta, kwa hivyo asidanganywe mtu kwamba sumaku ikitoka safi injini ni salama. Ikiwa oili na filta vimebadilishwa juzi, mnunuzi aombe kuona filta ya zamani.

Nambari ya injini ilinganishwe na iliyo kwenye logibuku. Zikitofautiana, injini ilibadilishwa, na mabadiliko hayo yanapaswa kuwa kwenye rekodi za NTSA.

Wakaazi wakumbuke pia kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa magari kuliko anayenunua kwa mtu binafsi. Na hata kwa mfanyabiashara, mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kudai baadaye juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwa sababu hiyo fundi awe wa mnunuzi, asiwe rafiki wa muuzaji, na aliyoyaona pamoja na ahadi za muuzaji kuhusu injini yaandikwe na kutiwa sahihi kabla pesa hazijatumwa.