Mitambo ya upepo: Hesabu isiwasahau wenye ardhi

Mkulima wa Uasin Gishu aliyepanda safu ya mikaratusi ili upepo usiyalaze mahindi yake anaijua kanuni ya kwanza ya mashamba ya upepo, hata kama hajawahi kuuona mtambo mmoja. Upepo ukishapita penye kizuizi hupungua nguvu na kuvurugika, wala haurudii hali yake ya awali ila baada ya kwenda mbali.

Mtambo wa upepo nao ni kizuizi. Mapanga yake huchukua sehemu ya nguvu za upepo, na mtambo ulio nyuma yake huambulia makombo. Hasara hiyo si haba. Kasi ya upepo ikizidi mara mbili, nguvu zake huzidi mara nane. Kasi ikipungua kwa sehemu moja ya kumi, nguvu zinazobaki ni asilimia 73 tu. Basi mitambo ikisongamana hunyang'anyana upepo. Ikitawanywa mno, gharama za barabara, nyaya na ardhi hupanda.

Tutazame Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit. Hapo pamesimamishwa mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla yake megawati 310. Mradi huo wa Ziwa Turkana uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018, ukafunguliwa rasmi Julai 2019. Upepo wa huko hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kama maji katika mfereji, na karibu mwaka mzima huvuma kutoka kusini-mashariki. Penye upepo wa namna hiyo, mitambo ya safu moja yaweza kukaribiana, ili mradi safu na safu ziachane. Desturi ya wahandisi ni kuacha kati ya safu umbali wa mara saba hadi kumi ya upana wa duara la mapanga. Kwa duara la mita 52, kama lile la Loiyangalani, umbali huo ni mita 364 hadi 520.

Upepo ukiwa kigeugeu, hesabu huwa ngumu. Mwaka 1994 watafiti wa Italia, Mosetti na wenzake, waligawa uwanja wa mraba katika vyumba 100, kila kimoja ama kiwe na mtambo ama kisiwe nao. Idadi ya mipango inayowezekana ni namba yenye tarakimu 31! Hakuna kompyuta iwezayo kuijaribu yote. Wakafuata njia ya mfugaji: kuteua mipango iliyo bora, kuipandanisha, kisha kuteua tena miongoni mwa wazao, kizazi baada ya kizazi.

Je, haya ni mambo ya wataalamu peke yao? Sivyo. Mabaharia wa pwani yetu waliyapa majina zamani: upande upepo utokako ni joshini, na upande uendako ni demani. Mwalimu wa Fizikia akishirikiana na mwenzake wa Kiswahili aweza kusema darasani kwamba mtambo wa demani hula makombo ya mtambo wa joshini, na mwanafunzi akaelewa mara moja.

Kuelewa huko kuna faida kubwa kuliko alama za mtihani. Kompyuta hupima kile tu ilichoambiwa ipime. Ikiambiwa itafute umeme mwingi kwa gharama ndogo, itaupata. Njia ya mifugo, kisima na makaburi ya wazee havimo katika hesabu yake mpaka mtu avitie. Mradi wa Turkana ulipewa ardhi ya takriban ekari 150,000, nchi ya malisho ya wafugaji. Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ilisema kwamba hati za ardhi hiyo hazikutolewa kwa kufuata sheria. Huko Kinangop, mradi wa megawati 60.8 ulivunjika mwaka 2016 kufuatia upinzani wa wenyeji, kabla ya kuzalisha umeme wowote.

Si kwamba wananchi hawa wanauchukia umeme. Wanachodai ni kushirikishwa mapema, na kushirikishwa kwa lugha wasiyoifahamu si kushirikishwa. Mzee anayejua kwa nini mtambo huu usogezwe mita 300 aweza kuuliza kwa nini usisogezwe 400, ili ng'ombe wapite. Hilo ni swali la kihandisi kamili, na mhandisi mwema atalikaribisha, maana kati ya mipango isiyohesabika, aghalabu ipo mingi inayokaribiana kwa faida.

Kazi yetu walimu ni kuhakikisha kwamba swali hilo linaweza kuulizwa kwa Kiswahili, tena kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.