Bahasha ya fungu la kumi na fomu ya sifuri

Kwa miaka mingi ushuru wa nyumba yetu ulikuwa mikononi mwa kijana wa saiba. Kila Juni tulipiga foleni, tukampa namba ya PIN na nywila, naye akauliza bila kuinua macho: “Tuweke sifuri?” Mimi ni mwalimu, mwajiri huwa amekwisha kukata PAYE, hivyo kwangu alinakili tu yaliyo kwenye fomu ya P9. Lakini kwa mke wangu, Mama Neema, ambaye hufuma sweta za shule hapa Nyahururu, jibu lilikuwa ndiyo. Tukalipa, tukapewa karatasi, tukaenda zetu.

Mwaka huu foleni ilinishinda. Niliketi mezani usiku, nikafungua tovuti ya iTax mwenyewe. Fomu ile ya Excel ina ukali wa mwalimu wa zamani. Ukiacha kisanduku kimoja wazi, ukibofya kitufe cha kuhakiki inakuorodheshea makosa yako yote, na haikuachilii mpaka uyarekebishe. Ilinichukua jioni mbili. Nilipomaliza nilijua, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini ya kazi, ni kiasi gani hasa nilicholipa serikalini.

Ikafika zamu ya Mama Neema. Kabla ya kuwasilisha kuna kisanduku kidogo cha kukubali masharti, unakiwekea alama. Kijana wa saiba alikuwa akituwekea alama hiyo sisi tukitazama simu zetu. Safari hii kidole kilikuwa changu.

“Mama Neema, tuandike nini?”

Hakujibu. Aliinuka akaleta daftari la mauzo, lile lile tunaloketi nalo kila mwisho wa mwezi kuhesabu fungu la kumi. Hapo ndipo nilipoona aibu. Bahasha yetu ya kanisani imekuwa ikisema ukweli mwaka hata mwaka, kwa sababu tunaamini Mungu anaona ndani yake. Tukitoka kanisani tulikuwa tukitia sahihi kwamba biashara hiyo hiyo haikuingiza hata shilingi.

Tulihesabu. Mwezi wa kawaida anauza sweta za takriban Sh140,000. Kwa mwaka hiyo inapita milioni moja, na anayeuza kati ya milioni moja na milioni 25 huangukia ushuru wa mauzo, asilimia 3, unaolipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sh4,200 kila mwezi.

“Baba Neema,” akasema, “hiyo inazidi fungu la kumi!”

Kweli inazidi. Fungu la kumi tunatoa kwenye faida, ambayo ni kama Sh40,000. Ushuru huu hauulizi faida. Hauangalii bei ya nyuzi wala kodi ya kibanda. Sheria inamruhusu mfanyabiashara kumwandikia Kamishna kwamba anachagua kutozwa kwa faida, ila sharti awe na hesabu kamili, na gharama zake ziwe na ankara za eTIMS. Mwenye kununua nyuzi bila risiti, kama sisi, hana cha kuonyesha.

Najua mtakaloniambia, wapendwa. Pesa zenyewe zinaporwa, hospitali haina dawa, na vijana walijaa barabarani Juni 2024 kwa sababu ya mzigo huu. Siwabishii. Lakini fomu ya sifuri haisemi, “Napinga wizi.” Inasema, “Sikuuza sweta.” Anayetaka kupinga ana kura na ana sauti, na ataitumia vizuri zaidi akijua alicholipa.

Nimemfikiria sana Zakayo, ambaye siku hizi jina lake limekuwa la kejeli nchini. Tunapenda kuhubiri juu ya mkuyu. Hatukai sana kwenye ahadi yake katika Luka 19, kwamba aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Mara nne ya kiasi gani? Mtu hawezi kuahidi hivyo kama hajui alichochukua na kutoka kwa nani. Nadhani jioni ile nyumbani kwake kulitolewa madaftari, na wageni wa karamu wakaona aibu kidogo.

Usiku ule hatukuwasilisha chochote. Nilibadilisha nywila, maana watu watatu wa saiba waliijua. Tukakubaliana kwamba Jumatatu tutakwenda ofisi ya ushuru kuuliza kama deni la nyuma linaweza kulipwa kwa awamu. Mama Neema anaogopa faini, na mimi pia. Kisha alifungua daftari ukurasa wa Januari, mwezi wa kufungua shule, wenye mauzo makubwa kuliko yote, akaanza kunisomea siku baada ya siku, nami nikaandika.