Mahakama Kuu Isiyo ya Mwisho: Kutafsiri Vyeo vya Majaji wa New York

Katika zoezi la tafsiri nililopata kulisahihisha, mwanafunzi mmoja aliandika hivi: "Mwaka 1914 Jaji Cardozo alishushwa kutoka Mahakama ya Juu kwenda Mahakama ya Rufani." Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro, lakini habari imepinduka. Mwaka huo Benjamin Cardozo alikuwa amepanda.

Kosa lilitokana na jina. Katika majimbo mengi ya Marekani, mahakama iitwayo "Supreme Court" ndiyo ya mwisho jimboni. New York haimo. Huko chombo chenye jina hilo husikiliza mashauri kwa mara ya kwanza, ingawa kina pia tawi lake la rufani. Na juu yake ipo Mahakama ya Rufani yenye majaji saba. Mahakama ile ya chini ni kongwe, iliundwa mwaka 1691 wakati wa utawala wa Waingereza. Katiba ya jimbo ya mwaka 1846 ilipounda Mahakama ya Rufani, jina la kale liliachwa kama lilivyokuwa.

Msomaji wa Tanzania hana haja ya kustaajabu. Mahakama Kuu yetu nayo si ya mwisho. Rufani zake zilikwenda katika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na tangu mwaka 1979 huamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania. Kwa hiyo istilahi tunayo tayari: yafaa tuseme "Mahakama Kuu ya Jimbo la New York". "Mahakama ya Juu" iachiwe ile ya Marekani nzima, na za majimbo ambazo kweli ni za mwisho, kama Kenya inavyoiita mahakama iliyoundwa na Katiba yake ya mwaka 2010.

Tukifuata sasa mwendo wa kazi ya Cardozo, tutaona kwamba vitenzi vina hatari kuliko majina. Alikubaliwa kuwa wakili mwaka 1891, akafanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Novemba 1913 alichaguliwa, yaani kwa kura za wananchi, kuwa jaji wa Mahakama Kuu. (Baba yake alikuwa jaji wa mahakama hiyo hiyo, akajiuzulu mwaka 1872 kwa tuhuma za ufisadi.) Wiki chache baada ya kuanza kazi, gavana alimpeleka Mahakama ya Rufani kwa muda, huku akibaki na cheo chake cha awali. Hapa wengi huandika "aliteuliwa", nami sikubaliani nao. "Aliazimwa" ni karibu zaidi na ukweli. Aliteuliwa hasa mwaka 1917, na mwishoni mwa mwaka huo huo akachaguliwa kwa kipindi cha miaka 14. Tangu mwaka 1927 alikuwa Jaji Mkuu wa mahakama hiyo, mpaka Rais Hoover alipomteua mwaka 1932 kuingia Mahakama ya Juu ya Marekani, akishika nafasi ya Oliver Wendell Holmes.

Katika mazungumzo ya kila siku, "kuchaguliwa" hubeba maana zote mbili, na kwetu halileti madhara makubwa kwa kuwa majaji wetu huteuliwa na Rais. Kwa New York tofauti hiyo ni ya kikatiba. Majaji wa Mahakama Kuu bado hupigiwa kura, kwa vipindi vya miaka 14. Wale wa Mahakama ya Rufani, tangu marekebisho ya mwaka 1977, huteuliwa na gavana kutoka orodha ya tume maalumu, na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo. Mfasiri akichanganya vitenzi hivyo, msomaji hatajua jaji anawajibika kwa nani.

Wote hao ni majaji. Neno "hakimu", ambalo kwetu ni la Mahakama za Mwanzo, za Wilaya na za Mkoa, lisitumike kwao.

Mfasiri wa magazeti aangalie pia tarehe. Jimbo la Maryland nalo lilikuwa na Mahakama ya Rufani iliyo ya mwisho, lakini wananchi walipiga kura Novemba 2022 kubadili jina lake, nayo sasa ni Mahakama ya Juu ya Maryland. Hukumu zake za kabla ya hapo zitajwe kwa jina la zamani.