Afya na Uzima Katika Huduma kwa Wagonjwa

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, yaieleza afya kuwa ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya jamii, wala si kutokuwa na ugonjwa tu. Twaipokea kwa shukrani. Lakini neno "kamili" latutia mashaka: kipofu, mzee sana, au mwenye kisukari ataifikiaje hali hiyo? Mkutano wa Tübingen, Ujerumani, wa mwaka 1964, ulioitishwa na Baraza la Makanisa Ulimwenguni pamoja na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ulisisitiza kwamba uponyaji ni kazi ya usharika wote, si ya hospitali peke yake.

Hapa lugha yetu yatufaa kuliko katiba ile. "Mzima" ni aliye hai, mwenye afya, tena asiyegawanyika. Paulo hakuondolewa mwiba wake (2 Kor. 12), wala hatuthubutu kusema alikosa uzima. Kwa hiyo mchungaji amwombeapo mgonjwa asiyepona, asimtwike hatia ya kukosa imani. Ampelekee Meza ya Bwana nyumbani, nao wazee wa kanisa waulize ni nani anayemlimia shamba.