Ukisubiri Julai, bajeti ya soko imeshapita

Leo tuongee bajeti ya halmashauri. Usikimbie, inagusa kibanda chako kuliko unavyodhani.

Kila mwaka Julai hapa Bariadi nasikia wenzangu wakidai paa, choo au mtaro wa soko. Madai ni ya haki, ila tarehe 1 Julai ndo mwaka mpya wa fedha unaanza, na hela imeshagawiwa. Maoni yanaanzia mtaani, yanapanda kamati ya maendeleo ya kata, kisha wataalamu wa halmashauri wanaandika rasimu. Kwenye Januari au Februari Baraza la Madiwani linapitisha, na Aprili Bunge linajadili bajeti ya TAMISEMI. Kwa hiyo muda wako wa kusema ni Septemba mpaka Desemba.

Sasa uende na nini kwenye mkutano? Namba. Tuseme mko vibanda 60, kila mmoja analipa ushuru wa 500 kwa siku. Hiyo ni 30,000. Kwa siku 26 za mwezi ni 780,000, na kwa mwaka ni 9,360,000. Ukisimama na hesabu hiyo ukaomba choo, mwenyekiti wa mtaa ana kitu cha kuandika. Ukisema tu "tunateseka", anaandika "wananchi walitoa maoni", imeisha hiyo.

Ila soko jipya zima usilitegemee kwa bajeti ya mwaka mmoja. Hilo uliza kama limo kwenye mpango mkakati wa halmashauri, ambao kwa kawaida ni wa miaka mitano. Kama halimo, anza kulidai hapo.

Halafu kuna pamba. Sisi wa Simiyu tunajua pamba ikiyumba hata muuza vitumbua anaona. Halmashauri nayo inaona, maana mnunuzi wa pamba analipa ushuru wa mazao. Sheria ya 2017 iliushusha kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara. Bei ikianguka au mvua ikigoma, mapato ya ndani yanapungua, na mikopo ya asilimia 10 inakatwa humohumo kwenye mapato ya ndani. Yani kwenye kila milioni 100 zinazohesabiwa, milioni 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Mwaka mbaya wa pamba, waombaji wanaongezeka na chungu kinapungua. Kikundi kisichosajiliwa mpaka leo kitasubiri sana.

Ndo maana mkutanoni usiulize tu kama choo chenu kimewekwa kwenye bajeti. Bajeti ni makadirio. Uliza: makusanyo yasipofikia lengo, mradi upi unakatwa kwanza? Swali hilo linawaamsha watu, niamini.

Na ushuru ukipandishwa ghafla, uliza sheria ndogo. Mkusanyaji hawezi kujipangia kiwango: sheria ndogo inapita Baraza, inaidhinishwa na waziri na inatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Risiti ya mashine dai kila siku, hata ya 500, maana ndo ushahidi wa ile hesabu ya vibanda 60.

Wiki hii pitia ofisi ya mtaa ukaulize tarehe ya mkutano. Tangazo mara nyingi linabandikwa mlangoni pale, na wewe muda huo uko gengeni.